Jina la Chini Kabisa

Kijiji chetu cha Feerwolde watu wa ofisini wamekuwa wakikizika tangu nikiwa mtoto. Kila baada ya miaka kadhaa huja bwana mmoja mwenye koti zuri, akapanda juu ya tuta linalozuia bahari, akazitazama nyumba zetu zilivyojikunyata kulizunguka kanisa, akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha hurudi mjini akasema tumebaki wachache mno, hatufai kujengewa kitu. Nasi tunaendelea kupanda viazi. Udongo wa huku ni mzito, ukishika kiatu hauachii, na nadhani tabia hiyo imetuingia mwilini.

Bi Frouwke Wiersum hakuzaliwa juu ya udongo huu. Baba yake alikuwa mchimba mboji huko kusini, ule udongo mweusi unaokaushwa uwe kuni, mtu aliyezeeka na mgongo uliopinda, naye Frouwke alikuja kwetu miaka michache baada ya vita, msichana mrefu mwenye baiskeli ya kuazima na sanduku lililofungwa kamba. Alikuja kufundisha watoto. Shule ilikuwa na vyumba viwili na jiko moja la makaa lililotoa moshi mwingi kuliko joto. Wakati wa baridi watoto walivua viatu vyao vya mbao mlangoni, wakasoma wamevaa soksi mbili mbili, na ukuta wa kaskazini ulilia maji hadi Aprili.

Siku hizo mwalimu wa kike akiolewa leo, kesho anaachishwa kazi. Ndiyo ilikuwa sheria, na wengi waliona ni sheria nzuri. Frouwke akampenda Tjark Veldkamp, kibarua wa kutengeneza tuta, mwanamume wa maneno machache na mikono mikubwa. Wangeoana, shule ingempoteza. Wakakaa wachumba miaka na miaka. Kila Jumapili Tjark alikuja kunywa kahawa nyumbani kwake, nao walikaa dirishani kabisa, pazia limefunguliwa pande zote mbili, kila mpita njia awaone walivyokaa, Tjark na gazeti, Frouwke na sindano za kufumia.

Mzee mmoja wa kanisa hakuvumilia, akagonga mlango.

"Mwalimu, watu wanasema."

"Wanasema nini, mzee wangu, na pazia liko wazi?"

"Wanasema tu."

"Waambie waje watazame kwa karibu. Ila biskuti waje nazo."

Sheria ilipoondolewa, walifunga ndoa Jumatano, kwa kuwa Jumatano mchana shule hufungwa. Alhamisi asubuhi alikuwa darasani. Tulipomwita kwa jina la mumewe alitusahihisha. Mume amempata, alisema, lakini jina alikuwa nalo tangu zamani.

Siasa hakuitafuta. Ilimjia kupitia paa. Mvua ya vuli moja ilipenya hadi kwenye rafu ya vitabu, naye alikuwa ameshaandika maombi mpaka akachoka, basi akapanda baiskeli hadi Hammerdijk, mji mdogo wenye ofisi za halmashauri yetu, akakaa kwenye viti vya wananchi kule juu, akiwasikiliza madiwani. Walijadili taa za barabara ya mjini. Wakajadili tena taa. Frouwke akasimama.

"Na paa la shule ya Feerwolde mtalijadili lini, watoto wakishaota ukungu?"

Meya akagonga nyundo. Wanaokaa juu hawana ruhusa ya kusema. Frouwke akarudia swali lake kwa sauti ileile, taratibu, kama anavyomrudia mtoto aliyekuwa akitazama nje. Tarishi wa baraza, Tonnis Huizing, ilimbidi apande ngazi kumtoa.

"Twende, Mwalimu. Usinifanye nikushike kwa nguvu mbele za watu."

"Nishike tu, Tonnis. Ila usivute, sweta hili nimelifuma mwenyewe."

Walipofika mlangoni akasimama, akageuka.

"Wale wanaokaa kule chini kwenye viti vya ngozi, wao hawatolewi?"

"Ah, wale ni madiwani, Mwalimu. Wamechaguliwa."

"Kumbe."

Tonnis alituhadithia baadaye kwamba hilo neno moja lilimtia baridi kuliko upepo uliokuwa nje.

Alijiunga na chama cha wafanyakazi, chama cha Tjark na cha baba yake, akagombea. Kizuizi kilikuwa kimoja: aliyeajiriwa na halmashauri hakuruhusiwa kukaa kwenye baraza lake. Akitaka kiti, aache darasa. Nilikuwa miongoni mwa watoto wa siku ile ya mwisho. Hakulia, wala hakutuachia hotuba. Alifuta ubao, akafuta tena pale palipokwisha kufutika, kisha akatuambia, "Mimi natoka humu ndani ili ninyi mbaki." Tukaenda nyumbani hatujaelewa. Usiku mmoja wa utu uzima ndipo nilipoelewa, na tangu hapo sijalisahau neno lile.

Alipata kiti, na akakikalia vipindi vitatu. Paa likaezekwa. Vyoo vikaingizwa ndani. Barabara ya kwetu ikapata taa, hata kama ni chache na zinayumba. Katika chumba cha mikutano alikuwa na desturi moja iliyowakera wanaume: alipopewa nafasi ya kusema, hakusema mpaka kila kijiko kimeacha kugonga kikombe. Alisimama tu, mikono ameiweka juu ya kiti, akingoja. Mkulima mmoja tajiri alizoea kukoroga kahawa yake makusudi, akikoroga na kutabasamu.

"Endelea kukoroga, Bwana Edzo," alimwambia siku moja. "Sukari ikishayeyuka, nitaanza."

Mara mbili chama kilipata nafasi ya kumteua mmoja wao awe msaidizi wa meya, na mara mbili nafasi ikaenda kwa mwanamume aliyeingia barazani baada yake. Walimwambia zamu yake itafika. Alikunywa kahawa yake, akaenda zake nyumbani kwa baiskeli, upepo ukimpiga usoni njia nzima.

Kisha akaja Menne Toxopeus.

Menne ni mtoto wa Feerwolde. Frouwke ndiye aliyemfundisha kusoma. Alikwenda chuo kikuu, akarudi na ndevu na gari, akawa kiongozi wa madiwani wa chama akiwa bado kijana. Simsemi vibaya. Alikuwa mtu mwenye bidii na moyo safi, na watu wa namna hiyo wakikosea hukosea kwa nguvu zote. Yeye ndiye aliyeleta hoja kwamba shule ya Feerwolde ifungwe, na watoto wapelekwe kwa basi hadi shule mpya ya Hammerdijk, yenye ukumbi wa michezo na maktaba.

Waliijadili hoja hiyo kwenye chumba cha nyuma cha chama kabla ya baraza. Kahawa ikamiminwa, kopo la biskuti likapita, kila mtu akachukua moja, kopo likafunikwa.

"Tuna watoto kumi na tisa, Mwalimu," Menne alisema. "Kumi na tisa shule nzima."

"Nawajua. Wengine nimewafundisha mama zao."

"Basi unajua hawatoshi hata timu mbili za mpira."

"Shule ikiondoka, duka litafuata. Duka likiondoka, nani atajenga nyumba? Menne, tayari wanatuandika kama kijiji kinachokufa. Wewe unataka kushika jembe la kaburi?"

"Chama kimeshakubaliana."

"Chama gani? Mimi nimekaa hapa tangu saa moja, sijasikia mtu akiniuliza."

"Tunaomba tu msimamo mmoja."

"Mnao. Mimi nina wangu."

Kila diwani katika nchi yetu hupiga kura bila kubeba agizo la mtu. Imeandikwa hivyo, na kila mtu anaijua kama anavyojua sala, yaani anaitamka bila kuitumia. Jioni ya baraza meya alichomoa kadi kwenye kisanduku ili kujua wito wa majina uanzie kwa nani. Kadi ilikuwa ya Frouwke. Kuwa wa kwanza ni kuwa uchi: wenzako wote bado wamenyamaza, huna wa kujificha nyuma yake.

"Bi Wiersum?"

Vijiko vilikuwa vimenyamaza bila kungojwa.

"Napinga."

Hoja ikaanguka kwa kura moja, na kila mtu ukumbini alijua ni ya nani. Menne alimfuata kwenye vibanda vya baiskeli, uso umemwiva.

"Uchaguzi ni mwakani, Mwalimu. Baada ya uchaguzi hoja inarudi. Na hutakuwepo kuiangusha."

"Washa taa ya gari lako vizuri, mwanangu. Kuna ukungu."

Menne hakuwa mtu wa kutukana wala kufukuza. Alitafuta njia ya adabu. Vyama vyetu vina desturi: jina la mwisho kabisa kwenye orodha ya wagombea hupewa mtu mzima anayeheshimika, apambe orodha, ashukuriwe kwa maua, asichaguliwe. Viti huenda kwa majina ya juu. Mkutano wa chama ulipofika, Menne akatangaza kwamba Bi Wiersum, kwa utumishi wake wa muda mrefu, amepewa heshima ya kuifunga orodha. Watu wakapiga makofi. Akaletewa shada la maua. Sisi wa Feerwolde tuliokuwa kule nyuma tulisikia kama tumefungiwa mlango, kwa sababu bila kura yake shule ilikuwa imekwisha.

Tukategemea atakataa. Alipokea maua, akashukuru, akaketi.

Njiani Tjark, ambaye hunena mara moja kwa wiki, alinena.

"Wewe bibi, umezikwa leo, na ukashukuru."

"Tjark, uchaguzi uliopita ulimchagua nani?"

"Wewe, nani mwingine?"

"Ulitumia muda gani kunitafuta kwenye ile karatasi?"

Tjark akafikiri. Karatasi yetu ya kura ni pana kama kitambaa cha meza. Kila chama kina safu yake, majina yamebanana kutoka juu hadi chini, na mbele ya kila jina kiduara cheupe cha kupaka penseli nyekundu. Mtu wa katikati hupotea mle kama sindano kwenye nyasi.

"Muda mrefu," alikiri. "Nusura nimpake Edzo."

"Na wa chini kabisa?"

Tjark aliacha kukanyaga pedali. Baiskeli yake ikaenda yenyewe kitambo, kisha akaanza kucheka, na alicheka hadi daraja la mfereji.

Majira ya kuchipua yale Frouwke hakuweka bango hata moja. Alizunguka vijiji vyote vidogo vya halmashauri, vile ambavyo shule zao zingefuata baada ya yetu, akigonga milango ya jikoni. Alikunywa kahawa nyingi kiasi kwamba Tjark alisema usiku mikono yake inatetemeka kitandani. Kwa kila nyumba alisema maneno yaleyale: kuna sheria kwamba jina lolote likipata nusu tu ya kura zinazohitajika kwa kiti kimoja, linaruka juu ya wenzake na kuingia. "Msijisumbue kusoma. Tafuteni safu ya chama, teremkeni mpaka karatasi iishe. Wa mwisho ndiye mimi. Chini yangu hakuna kitu."

Uchaguzi ulikuwa Jumatano ya mwisho wa Mei, na kituo chetu kilikuwa shuleni, kama kawaida. Foleni ilitoka mlangoni hadi kwenye bembea. Bi Knelske Poort, aliyekuwa na ukungu machoni na fimbo mkononi, alikuwa mbele yangu.

"Kwa hiyo Menne kamweka mwalimu wetu kwenye kona," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia.

"Kamweka, bibi," mtu akajibu. "Alijifunza kwake. Nani hakuwahi kuadhibiwa kwa kuwekwa kona na Bi Frouwke?"

"Mimi nilikaa kona ile hadi nikaota mizizi."

"Ndiyo maana hujui hesabu!"

"Najua kuhesabu mpaka chini, inatosha."

Tonnis Huizing, sasa mstaafu, ndiye aliyesimamia kituo. Aligonga meza. "Jamani, humu ndani hapafanywi kampeni."

"Nani anafanya kampeni?" Bi Knelske akasema. "Tunazungumzia kona." Akaingia kwenye kibanda, na sote tukasikia penseli yake ikikwaruza, ikikwaruza, kama mtu anayepaka rangi mlango mzima.

Kura zilipohesabiwa tulijaa ndani, tumekaa kwenye viti vya watoto, magoti yakitufika kidevuni. Jua la Mei lilikuwa bado limeshikilia madirisha. Tonnis alifunua karatasi moja moja, na kila mara macho yake yalishuka chini, chini, chini. Kijiji chetu peke yake hakingetosha, na tulilijua hilo. Kisha simu ikaanza kulia. Kijiji kimoja, kingine, cha tatu. Kila mahali penseli nyekundu imeteremka hadi mwisho wa karatasi. Tonnis alishusha simu ya mwisho, akavua miwani.

"Ameingia," alisema. "Ameruka orodha nzima."

Hakuna aliyeshangilia. Sisi si watu wa kushangilia. Mtu alipuliza pua kwa nguvu. Tjark aliinuka, akaenda nje, tukamwona dirishani akikaza skrubu ya bembea kwa vidole vitupu.

Menne alifika nyumbani kwa Frouwke kesho yake asubuhi. Yaliyosemwa pale tunayajua kwa sababu dirisha lilikuwa wazi, na kwa sababu Tjark, kwa mara moja maishani, alisimulia.

"Hongera, Mwalimu. Umetufunga kwa orodha yetu wenyewe."

"Uliniweka mahali pazuri. Kaa unywe kahawa."

Menne akakaa, akapewa kahawa na biskuti yake moja. Akageuza kikombe bila kunywa.

"Nafasi ya msaidizi wa meya ni yako. Elimu yote itakuwa chini yako, kwa nini usichukue? Ulistahili zamani. Sharti ni dogo tu. Siku hoja ya shule ikirudi, baki nyumbani. Sema una mafua."

"Sikukuruhusu mafua ya uongo ukiwa na miaka saba. Leo nijiruhusu mimi?"

"Sitanii, Mwalimu."

"Wala mimi."

Menne alisukuma kikombe. Sauti yake ikabadilika.

"Unajua nilikuwa peke yangu darasa langu? Miaka sita. Wa umri wangu hakuna hata mmoja."

"Najua. Ndiyo maana nilikuwa nakaa nawe mezani."

"Nilitaka rafiki. Sikutaka mwalimu."

Frouwke alinyamaza. Tjark anasema hajapata kumwona akinyamaza vile, mkono juu ya kopo la biskuti, macho yakitazama shamba lililo nje ambako ukungu ulikuwa ukijivuta kutoka kwenye mitaro. Kwa muda ule mrefu yule kijana alikuwa ameshinda, na wote watatu walijua.

"Hapo umenipata, Menne," alisema hatimaye. "Na pole yangu imechelewa. Lakini darasani ulikuwa peke yako, jioni je? Ulikuwa ukiruka mitaro na kijiji kizima, mama yako akikuita hadi sauti inamkauka. Hawa kumi na tisa utawapa wenzao wa darasani, halafu saa tisa unusu basi litawashusha kwenye kijiji ambacho hakina mtu. Hapana. Cheo kaa nacho. Mafua sina."

Akafungua kopo, akampa biskuti ya pili. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kupewa ya pili.

Siku baraza jipya lilipoapishwa, wengine waliapa kwa Mungu, Frouwke aliahidi kwa neno lake. Hoja ya Menne ilikuwa imepangwa kwa baada ya likizo ya kiangazi. Frouwke akaomba nafasi.

"Mheshimiwa Meya, hoja ya kuifunga shule ya Feerwolde iletwe leo."

Menne akaruka. "Mwalimu, hiyo ni hoja yangu!"

"Ndiyo maana naiulizia. Watoto wasikae kiangazi kizima hawajui watarudi wapi. Kama mnataka kutuua, mtuue huku mnatuangalia usoni."

Baraza likakubali, nusu kwa haya, nusu kwa hasira. Sisi tulikuwa kwenye viti vya juu, tusioruhusiwa kusema, tumeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. Majina yakaitwa. Naunga. Napinga. Menne aliunga mkono hoja yake bila kuinamisha kichwa, na nilimheshimu kwa hilo. Mkulima Edzo, ambaye mjukuu wake ni mmoja wa wale kumi na tisa, alisema "Napinga" kwa uchungu kana kwamba amemeza mfupa. Jina la Frouwke lilipoitwa, hakunyanyua sauti. Hoja ikaanguka tena, kwa kura ileile moja.

Meya alikuwa ameshainua nyundo kufunga kikao.

"Bado," alisema Frouwke. "Nina hoja yangu. Lile basi mlilotenga kuwachukua watoto wetu moja kwa moja, lipite vijiji vyote vidogo kila Jumatano mchana, liwapeleke watoto kwenye ukumbi wa michezo wa Hammerdijk, wacheze na wenzao wa umri wao. Na jioni liwarudishe makwao."

Menne aliweka kalamu mezani.

"Hujatosheka, Mwalimu?"

"Sijatosheka. Mwakani nitataka na mwalimu wa tatu. Inua mkono au usiinue, lakini usinipotezee muda."

Menne aliinua mkono.